Si Dawa Iliyoua Figo

(Mazungumzo haya niliyatoa Siku ya Figo Duniani mbele ya wagonjwa wa presha na figo na ndugu zao waliokusanyika kwenye kliniki yetu. Nayaweka yote hapa kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.)

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliowasindikiza wazazi wenu, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu na kuja kukaa nasi.

Naomba mnijibu kwa mikono. Ni wangapi humu ndani mmewahi kuambiwa kwamba dawa za presha zinaharibu figo? Nyoosheni tu, msiogope. Naam. Karibu ukumbi mzima. Sasa wangapi waliambiwa hivyo na daktari aliyewapima damu na mkojo? Sioni hata mkono mmoja.

Basi tuliambiwa na nani? Na jirani. Na abiria mwenzetu kwenye daladala. Msibani, kwenye turubai, wakati wa kusubiri chakula. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Tuliambiwa na watu wanaotupenda, na ndiyo maana maneno hayo yana nguvu kuliko ya daktari unayemwona mara moja kwa miezi mitatu. Mimi leo nimekuja kuyajibu maneno hayo, kwa sababu nimeona yanavyotupotezea watu.

Figo moja ina vichujio vidogo sana karibu milioni moja. Kati ya lita tano hivi za damu ambazo moyo husukuma kila dakika, karibu lita moja hupita kwenye figo. Kwa siku moja figo zako huchuja kiasi cha lita 180 za maji yaliyomo kwenye damu, kisha zinayarudisha karibu yote mwilini. Unachokwenda kukiacha chooni ni lita moja na nusu au mbili. Sasa jiulize, mishipa inayofanya kazi hiyo ni minene kiasi gani? Ni myembamba kuliko unywele. Damu ikija kwa nguvu kupita kiasi, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, vichujio vinapata makovu. Na kichujio kilichokufa hakioti tena.

Je, inauma? Haiumi. Je, mkojo unakata? Haukati. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake huku analima, anaswali, anacheza na wajukuu. Na figo zikishaumia, zinashindwa kutoa chumvi na maji, tena zinamwaga kwenye damu kemikali za kubana mishipa, kwa hiyo presha inapanda zaidi. Presha inaumiza figo, figo zinapandisha presha, presha inaumiza figo. Hapo ndipo wengi wenu mlipokuwa siku mliyoletwa hapa.

Kwa nini basi dawa inasingiziwa? Tazameni inavyokwenda. Mtu ana presha miaka kumi hajui. Siku moja anaumwa kichwa, anapelekwa zahanati, anakutwa na 190 kwa 110, anaanzishiwa vidonge. Figo zake siku hiyo tayari zimechoka, ila hakuna aliyezipima. Miaka mitatu baadaye zinashindwa kabisa. Familia inakaa na kuhesabu: alianza vidonge mwaka fulani, figo zikafa mwaka fulani. Wanahesabu kuanzia kidonge cha kwanza. Ile miaka kumi ya nyuma hakuna anayeihesabu.

Yupo mzee mmoja, alikuwa dereva wa lori, amestaafu. Amenipa ruhusa nimsimulie ila nisimtaje. Kila mwezi alikuja kliniki na binti yake, anapimwa, anapewa dawa, anashukuru, anaondoka. Kila mwezi presha yake iko juu. Tukaongeza dozi. Bado. Tukaongeza dawa ya pili. Bado. Kisha usiku mmoja akaletwa hawezi kulala chali, anapumua kwa shida, miguu imevimba mpaka magotini. Presha 212 kwa 118. Binti yake aliporudi nyumbani kumchukulia nguo, alikuta uvunguni kopo kubwa la maziwa ya unga. Lilikuwa limejaa dawa. Karatasi za vidonge zimefungwa kwa mpira wa manjano, mwezi juu ya mwezi, zimepangwa vizuri kama mtu anayetunza risiti. Karatasi ya kwanza tu ndiyo iliyotobolewa, vidonge vinne. Mzee alikuwa anazichukua ili asimwudhi binti yake, na hazimezi kwa sababu rafiki yake wa zamani alimwambia zitamuua figo.

Leo mzee huyo anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Ndugu zangu, ni kitu gani kilichoziua figo za mzee huyu? Dawa zilikuwa kwenye kopo!

Sasa twende mbele kidogo, maana kuna jambo kubwa zaidi la kulielewa. Dawa za presha si kitu kimoja. Zipo zinazoshusha presha tu, na zipo zinazoshusha presha na kuilinda figo yenyewe. Hizi za pili zina makundi mawili. Kundi la kwanza majina yake huishia na "prili": kaptoprili, enalaprili, lisinoprili, ramiprili. Kundi la pili huishia na "satani": losatani, telmisatani, valsatani. Angalieni pakiti zenu mtayaona.

Asili ya kundi la kwanza ni ya ajabu. Kule Brazil kuna nyoka anaitwa jararaca. Akimuuma mtu, presha ya mtu yule inaporomoka. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Brazil, Sérgio Ferreira, alichunguza sumu ya nyoka huyo na kukuta ndani yake kitu kinachozuia mwili usivunje kemikali ya kulegeza mishipa. Akaipeleka sumu hiyo Uingereza, kwenye maabara ya John Vane. Kutokana na njia hiyo, wanakemia nchini Marekani walitengeneza kaptoprili, kidonge kisicho na sumu yoyote ya nyoka ndani yake, na kikaruhusiwa kutumika huko mwaka 1981.

Inafanyaje kazi? Kila kichujio kina mshipa wa kuingiza damu na mshipa wa kutoa. Mwilini kuna kemikali inayobana ule mshipa wa kutoa. Ukiuminya mdomo wa mpira wa kumwagilia maji bustanini, unaona mpira unavyotuna? Ndivyo kichujio kinavyotuna kwa ndani, na protini inaanza kupenya na kuvuja kwenye mkojo. Dawa hizi zinalegeza pale palipominywa. Nguvu ndani ya kichujio inapungua, protini inapungua kuvuja, makovu yanachelewa. Ndiyo sababu mnaombwa mkojo kila mara na kuulizwa kama una povu.

Hili limepimwa kwa watu. Mwaka 1993 yalitangazwa matokeo ya kaptoprili kwa watu 409 wenye kisukari cha aina ya kwanza ambao figo zao zilikuwa zinavuja protini. Waliomeza kaptoprili, idadi ya waliokufa au kufikia mashine au kupandikizwa figo ilikuwa pungufu kwa nusu. Mwaka 2001 losatani ikapimwa kwa watu zaidi ya 1,500 wenye kisukari cha aina ya pili. Waliofikia hatua ya figo kushindwa kabisa walipungua kwa asilimia 28.

Najua kuna mtu amesikia kwamba hizi prili hazifanyi kazi kwa mtu mweusi. Hilo ni nusu ya habari. Ni kweli kwamba ukimpa mwenye asili ya Kiafrika prili peke yake, mara nyingi presha haishuki sana kama ukimpa amlodipini, dawa ya kupanua mishipa, au dawa ya kukojoza. Lakini kuhusu kuilinda figo, ulifanyika utafiti Marekani kwa Wamarekani weusi 1,094 waliokuwa na ugonjwa wa figo uliotokana na presha. Ramiprili ililinganishwa na amlodipini. Upande wa ramiprili, figo zilichelewa kuharibika, tena tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba upande wa amlodipini ulisimamishwa kabla ya wakati.

Amlodipini haijawa mbaya kwa hilo. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ukaonyesha kwamba vidonge viwili vikiunganishwa na kimoja kikawa amlodipini, presha inashuka vizuri zaidi. Kwa hiyo wewe unayelalamika "Daktari, mbona vidonge vitatu?", sikiliza. Mgonjwa wa figo mara nyingi hatoshelezwi na kidonge kimoja. Kimoja kinalinda kichujio, kingine kinapanua mishipa, kingine kinatoa chumvi na maji. Kila kimoja kina kazi yake. Usichague unachokipenda ukaacha vingine.

Sasa nije kwenye hofu yenye msingi, maana ipo. Nisingekuwa mkweli nikiwaambia dawa hizi hazina la kuangalia.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alianzishiwa losatani. Kreatinini yake, ile taka ya misuli tunayoipima kwenye damu kujua figo zinafanyaje kazi, ilikuwa 150. Wiki tatu baadaye ikawa 178. Alipokwenda kupima mahali pengine, mtu akaiona ile namba akamwambia, "Mama, dawa hii inakumaliza, acha leo hii." Akaacha. Akakaa miezi mitano. Aliporudi kwetu, protini kwenye mkojo iliyokuwa alama moja ilikuwa alama tatu, na presha ilikuwa imerudi juu.

Kulikuwa na hatari gani kwenye 178? Kumbukeni ule mpira wa maji. Ukiacha kuuminya, nguvu inapungua, na kichujio kinachuja taratibu zaidi mwanzoni. Kreatinini ikipanda kidogo baada ya kuanza dawa, inaonyesha kwamba nguvu ndani ya kichujio imeshuka, na hilo ndilo tulilolitaka. Kupanda mpaka asilimia 30 ndani ya wiki nne za kwanza kunakubalika. Ya mwalimu ilipanda chini ya asilimia 20. Ikipita 30, hapo tunasimama na kutafuta sababu: pengine mgonjwa ameishiwa maji, pengine anameza dawa nyingine, pengine mishipa ya figo imeziba. Ndiyo maana nawasisitizia: ukianza dawa hizi, au ukiongezewa dozi, rudi upimwe damu ndani ya wiki mbili hadi nne. Rudi upimwe. Usingoje tarehe ya mbali. Rudi upimwe.

Na kwa wale ambao figo zao zimeshuka sana, swali la kuacha nalo limejibiwa. Huko Uingereza watu 411 wenye ugonjwa wa figo uliofika mbali waligawanywa, wengine wakaacha prili na satani, wengine wakaendelea. Wakafuatiliwa miaka mitatu. Matokeo yalipotolewa mwaka 2022, figo za walioacha hazikuwa bora kuliko za walioendelea.

Kipimo cha pili ni potasiamu, madini yanayoendesha mapigo ya moyo. Dawa hizi zinaweza kuipandisha, na figo mbovu zinashindwa kuipunguza. Mama mmoja mfanyabiashara, anameza losatani na spironolaktoni, dawa ya kukojoza inayobakiza potasiamu mwilini, alishauriwa na watu wema anywe madafu kila siku "kusafisha figo". Akanywa, asubuhi mawili, jioni mawili. Alikuja miguu imelegea, mapigo yanakwenda taratibu mno. Potasiamu 6.8. Moyo ungeweza kusimama wakati wowote. Madafu yana potasiamu nyingi. Ndizi zina nyingi, parachichi, viazi, maharage, mchicha. Simwambii kila mtu aache vyakula hivi, maana wengine mngekosa cha kula na hamna sababu ya kuviacha. Nasema ujue namba yako kwanza. Ikiwa juu, tutakaa na anayepika nyumbani tumwonyeshe namna ya kukata viazi vidogo, kuvichemsha kwenye maji mengi na kumwaga yale maji. Na ile chumvi mbadala inayouzwa madukani kama chumvi ya wagonjwa wa presha, nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Mgonjwa wa figo asiiguse bila kuuliza.

Vijana, hapa nisikilizeni nyinyi zaidi, maana nyinyi ndio mnaotumwa duka la dawa.

Fundi ujenzi mmoja, umri wake haujafika arobaini, ana presha na figo zimeanza kupungua. Anatumia enalaprili na dawa ya kukojoza, anajitahidi kweli. Mgongo ukamuuma kwa kubeba zege. Akanunua diklofenaki, akameza asubuhi na jioni. Siku ya nne akala kitu kibaya, akaharisha na kutapika, na kwa kuwa tulimwambia asiache dawa hata siku moja, akaendelea kuzimeza zote. Alipofika kwetu alikuwa hajapata mkojo tangu jana yake.

Mtaona hapo ilivyokuwa. Diklofenaki inabana mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio. Enalaprili inalegeza unaotoa. Ya kukojoza na kuharisha vinapunguza maji mwilini. Kichujio kinabaki hakina nguvu ya kuchuja. Kila dawa hapo ina mahali pake, lakini zote tatu pamoja, mwili ukiwa mkavu, zinaweza kuzima figo kwa siku chache. Alitundikiwa maji, dawa zikasimamishwa, figo zikaamka. Wengine haziamki zote.

Kwa hiyo, diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake, za kumeza au za sindano, mgonjwa wa figo asizitumie bila daktari wake kujua. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi. Ukienda duka la dawa, sema kwanza: "Nina tatizo la figo." Sema kabla hujataja mgongo. Na mitishamba nayo, baba zangu na mama zangu, sitawagombeza, ila niambieni mnachokunywa. Nikijua nitakusaidia.

Na siku za kuharisha, kutapika sana, homa ya kutokula wala kunywa? Hapo ndipo "usiache dawa" inapokuwa na ruhusa yake. Pigia simu kliniki au nenda kituo cha karibu uulize kama usimamishe kwa muda prili au satani, dawa ya kukojoza, na metfomini kwa wenye kisukari. Kwa kawaida utaanza tena ukishakula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Andika kwenye daftari siku uliyosimamisha, maana wapo wanaosimamisha siku mbili zikawa miezi miwili.

Mengine nitayapitia haraka. Kikohozi kikavu kisichoisha baada ya kuanza prili si kifua kikuu cha lazima. Tuambie, tutakubadilishia uende kwenye satani. Midomo au ulimi ukivimba, usimeze tena, kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Miguu kuvimba kwa amlodipini mara nyingi ni dawa yenyewe, lakini acha sisi tuhakikishe kwamba si figo. Binti au mama mwenye ujauzito, au anayepanga kuupata, prili na satani zinamdhuru mtoto. Njoo mapema tubadilishe, usizitupe mwenyewe ukakaa bila kitu. Na ninyi mnaosafishwa damu, saa ya kumeza dawa siku ya mashine ni ya mtu na mtu, muulize muuguzi wako.

Lengo letu ni namba gani? Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2021, linashauri namba ya juu iwe chini ya 130 kwa mwenye ugonjwa wa figo. Wazee wanaopata kizunguzungu wakisimama tunawaendea taratibu. Lakini namba isiyopimwa vizuri inadanganya. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu yote chini, kibofu kitupu, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Ukipimwa huku unajibu simu, hiyo si presha yako. Na chumvi, zote pamoja na ile iliyofichwa kwenye viungo vya pakiti na mkate, isipite kijiko kimoja cha chai kwa siku. Ukila chumvi nyingi, prili na satani zinapoteza nguvu.

Nimeletewa karatasi hapa, mzee mmoja anauliza: "Mimi natumia losatani na dawa ya kukojoza. Je, Ramadhani nifunge?" Mzee wangu, ahsante kwa kuuliza kabla. Qurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na wewe na imamu wako mnalijua hilo kuliko mimi. Kwa upande wangu, kwanza tupime kreatinini na potasiamu kabla ya mwezi kuandama. Kama figo ziko chini sana, au potasiamu inapanda, au unasafishwa damu, ushauri wangu ni usifunge. Kama ziko imara, tutahamisha dawa ya kukojoza iende jioni baada ya kufuturu, losatani tutakupangia saa yake, na tutapima damu tena katikati ya mwezi. Ukisikia kizunguzungu au mkojo umekuwa kidogo na mweusi, fungulia siku hiyo na uje. Chumba cha vipimo kiko mkono wa kushoto mkitoka hapa. Mzee, wewe anza leo, na wengine wenye swali kama lako wakufuate.